Mbegu za Bangi na Sahani ya Askari

Katika milima ya Kumaon na Garhwal, kaskazini mwa India, upande unaopakana na Nepal na Tibet, mgeni akikaribishwa chakula cha mchana msimu wa baridi hukuta kando ya sahani yake fungu dogo la chatini yenye rangi kati ya kijivu na kijani. Akiionja, chumvi na limau hutangulia, pilipili hufuata taratibu, na chini yake hubaki ladha ya kitu kilichokaangwa, chenye mafuta, karibu na karanga lakini si karanga. Hizo ni mbegu za bangi. Hazilevyi. Mtoto anakula, bibi anakula, na mzee aliyestaafu jeshini anachovya humo mkate wake wa ulezi, kisha anaomba aongezewe.

Nataka kuisifu kazi ya jiko hilo bila haraka, hatua kwa hatua, kwa kuwa mtu akiipitia mbiombio haioni. Na siwezi kuisifu bila kuwataja wanaopikiwa. Jimbo la Uttarakhand, lililoundwa mwaka 2000 kwa kuziunganisha Kumaon na Garhwal na maeneo ya jirani, linajulikana India nzima kwa mahekalu yake na kwa askari wake. Vikosi viwili vikongwe, Garhwal Rifles chenye makao yake Lansdowne na Kumaon Regiment chenye makao yake Ranikhet, vimechukua vijana wa vijiji hivyo kizazi baada ya kizazi. Ukiingia ndani ya nyumba huko, picha ya ukutani mara nyingi ni ya mtu aliyevaa sare.

Mmea wenyewe hupandwa karibu na nyumba na zizi, mahali ardhi ilipolishwa samadi. Mmea dume hukatwa mapema kwa ajili ya nyuzi, ambazo hulowekwa, huchunwa na kusokotwa kamba za kufungia ng'ombe. Zamani zilifumwa pia magunia na nguo nzito. Mmea jike huachiwa muda hadi mbegu zikomae, karibu na Oktoba au Novemba, ndipo unapokatwa, unaanikwa juu ya paa la mawe na kupurwa kwa fimbo. Kinachobaki ni lundo la mbegu, vumbi na vijani vikavu, na hapo ndipo ustadi wa kwanza unapoanza, ule ambao hauonekani mezani.

Kilevi cha mmea huu hakimo ndani ya mbegu. Kimo katika utomvu unaonata juu ya maua ya mmea jike na juu ya vijani vidogo vinavyoifunika kila mbegu. Kwa hiyo usafi wa mbegu si suala la unadhifu tu. Mwanamke anayejua kazi yake huzifikicha mbegu kwa viganja, huzipepeta kwa ungo, huzifikicha tena, huzipepeta tena, hadi vijani vyote vimekwenda na upepo. Kisha huziosha kwa maji mengi. Mbegu pevu huzama, mapepe huelea na kumwagwa. Halafu huzianika juani mpaka ukizimimina kutoka mkono mmoja hadi mwingine zinalia kama mvua juu ya bati. Kila mbegu ni ndogo kuliko punje ya mtama, mviringo, ya kahawia na kijivu yenye michirizi kama marumaru. Karibu robo ya uzito wake ni protini na zaidi kidogo ya hapo ni mafuta, jambo ambalo watu wa milimani wameliishi muda mrefu kabla ya maabara kulipima, kwani wakati wa baridi nyama ilikuwa adimu na theluji ilifunga njia.

Jani ni habari nyingine. Huko bondeni, katika miji kama Varanasi, sikukuu za Holi na Mahashivratri zina kinywaji cha thandai: maziwa, lozi, shamari, iliki, pilipili manga, waridi na zafarani, na kwa wanaotaka, donge la majani ya bangi yaliyosagwa kwenye jiwe hadi yakawa laini kama siagi. Maziwa yana kazi yake pale, kwa sababu kilevi hicho huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Sheria ya India ya mwaka 1985 ilipiga marufuku maua na utomvu, lakini iliacha nje mbegu na majani yasiyoambatana na vichwa vya maua, ndiyo maana baadhi ya majimbo yana maduka yenye leseni ya kuuza jani. Wasagaji wazuri wa thandai wanastahili heshima yao, nami siwanyimi. Lakini kinywaji hicho kinahitaji tahadhari kubwa: kilevi kinacholiwa huchelewa, pengine saa moja au mbili, na mtu asiyejua huongeza kikombe akidhani cha kwanza hakikufanya kazi, kisha vyote viwili vinamjia pamoja. Mimi moyo wangu uko kwa mbegu. Jani linasifiwa kwa kile linachomfanyia mnywaji, ilhali mbegu haina cha kutegemea ila mkono wa mpishi.

Na kabla sijaendelea: Tanzania na Kenya kuulima mmea huu ni kosa la jinai, kwa hiyo ninachokieleza ni cha jiko la kwao. Msomaji anayetamani ladha ya jirani achukue ufuta, afuate hatua hizi hizi, na hatajuta.

Kikaango ni cha chuma, kizito, na hakitiwi mafuta. Moto ni mdogo. Hapa mpishi hana msaada wa macho, kwani mbegu ni ya kahawia tangu mwanzo na rangi haitamwambia kitu. Anafanya kazi kwa sikio na pua. Mbegu zinapopata joto hukaa kimya kitambo, kisha moja inadata, kisha nyingine, halafu sauti zinashikana. Harufu ya majani makavu inaondoka na harufu ya njugu inaingia mahali pake. Mahali hapo pembamba, kati ya harufu moja na nyingine, ndipo anapotia bizari nyembamba na pilipili kavu mbili tatu, anageuza kidogo, anaepua. Na akishaepua haziachi humo kikaangoni, kwa sababu chuma kinaendelea kupika hata moto ukizimwa, na mbegu iliyopitiliza inakuwa chungu na uchungu huo haufichiki kwa limau wala chumvi. Anazimwaga kwenye sahani pana zipoe kabisa. Ukizisaga zikiwa na joto, mafuta yanatoka mapema, zinagandana, na ganda linateleza bila kusagika.

Sasa jiwe. Katika Kihindi wanaliita silbatta: sil ni bamba la chini, batta ni jiwe la juu linaloshikwa kwa mikono miwili. Bamba si laini. Limetobolewa vidoti vidogo vidogo kwa patasi, na vidoti hivyo ndivyo meno yake. Vikilika kwa miaka ya matumizi, jiwe huwa linateleza tu juu ya viungo bila kuvisaga, na ndipo huitwa fundi wa kupita na nyundo yake akalichonga upya. Msagaji huchuchumaa au hupiga magoti. Anasukuma mbele kwa uzito wa mabega, anarudisha nyuma kwa wepesi, na kila baada ya misukumo kadhaa anazoa kwa ukingo wa kiganja kilichosambaa na kukirudisha katikati. Kwanza mbegu husagwa kavu pamoja na chumvi ya mawe, maana chumvi inasaidia kukwaruza ganda. Zikishakuwa unga mzito, ndipo yanaingia majani ya dania, nanaa, pilipili mbichi na kitunguu saumu, na maji kwa matone, si kwa kikombe. Mwisho kabisa ni limau. Milimani kuna limau kubwa, lenye ganda nene, na likitiwa mapema kijani cha dania kinafifia.

Nimewasikia wanaosema mashine ya umeme inafanya kazi ile ile kwa dakika moja. Haifanyi kazi ile ile. Kisu cha mashine kinakata, na ganda la mbegu hii likikatwa linabaki vipande vyenye ncha vinavyokwama kwenye meno. Jiwe linaponda. Linaikandamiza mbegu mpaka mafuta yake yanatoka na kulainisha ganda lake lenyewe, na chatini inayopatikana inashikana bila kuongezwa kitu. Anayeula mkate wa ulezi na chatini ya jiwe, kisha kesho akala na ya mashine, hahitaji kuelezwa tofauti.

Ulezi huo nao una safari yake: ulifugwa mara ya kwanza katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, ukavuka bahari kwenda India maelfu ya miaka iliyopita. Magimbi yakaja upande wetu kutoka Asia. Wakumaoni wana mchuzi wa magimbi na mbegu za bangi ambao kwa maoni yangu ndio kilele cha jiko lao. Mbegu zilizokaangwa husagwa na maji, hukamuliwa na kuchujwa kwa kitambaa. Makapi hurudishwa jiweni, yakasagwa na kukamuliwa tena, hivi kwamba mtu wa pwani akitazama atatambua mara moja tui la kwanza na tui la pili. Magimbi hukaangwa kwa mafuta ya haradali katika sufuria ya chuma pamoja na manjano, dania ya unga na pilipili, yakaiva taratibu, kwa kuwa gimbi lisiloiva linawasha koo. Ndipo humiminwa tui la mbegu, na kuanzia hapo mwiko hauachwi. Tui likichemka bila kukorogwa hukatika, likawa chengachenga juu na maji chini. Likikorogwa hadi lishike mchemko wa kwanza hutulia, likawa zito, na mchuzi ukapata rangi ya udongo mbichi. Si rangi ya kupigia picha. Huliwa na wali wa moto, siku ambayo baridi inapenya hadi mifupani.

Na kuna mbegu za starehe. Mchana wa Desemba na Januari, jua likiwaka vizuri, wanawake hutoka na kukaa uani au juu ya paa, wakamenya yale malimau makubwa, wakayachambua vipande, wakachanganya na figili, mtindi, sukari, chumvi na unga wa mbegu za bangi zilizokaangwa. Huliwa pale pale kwa mikono, mazungumzo yakiendelea. Hakuna mwanamume anayesubiriwa wala mgeni anayeandaliwa. Chakula hicho nakipenda kwa sababu wapishi wamejipikia wenyewe.

Siku nyingine zote wanampikia mtu, na mara nyingi mtu huyo yuko mbali. Kijana akiondoka kwenda kikosini hufungiwa chumvi ya kusaga, iliyosagwa na kitunguu saumu, pilipili na viungo, kwa sababu haiozi na kijiko kimoja kinatosha kuufanya wali wa kambini uwe na uso. Mpishi wa jeshi ana sufuria ya watu mia. Hawezi kuchuchumaa kwenye jiwe. Kwa hiyo chatini ni kitu cha likizo. Askari anapofika nyumbani, jiwe linaanza kulia jikoni kabla hajavua viatu, na wazee wa huko wanaelewa kabisa kinachosemwa na mlio huo. Hakuna hotuba inayotolewa. Anapewa muda wa mtu mwingine, umesagwa, uko kwenye sahani.

Waliokwenda mbali zaidi hawakuwa na jiwe hilo. Mwaka 1914 Garhwal Rifles walipelekwa Ufaransa, watu wa milima wakajikuta kwenye mahandaki ya matope. Usiku wa tarehe 23 kuamkia 24 Novemba, karibu na Festubert, Darwan Singh Negi alikuwa mbele katika kuwafurusha Wajerumani kutoka kona moja ya handaki hadi nyingine, akiwa na majeraha ya kichwa na mkono. Alikuwa miongoni mwa Wahindi wa kwanza kabisa kupewa nishani ya Victoria Cross. Tarehe 10 Machi 1915, huko Neuve Chapelle, Gabar Singh Negi wa kikosi hicho hicho alifanya ujasiri wa namna ile ile na akafa, akiwa na umri wa miaka 19. Nishani hiyo hiyo ilifika kwa mjane wake, Satoori Devi, msichana mdogo wa kijijini, naye akaivaa maisha yake yote. Kila Aprili watu wa Chamba, katika wilaya ya Tehri, hufanya gulio la kumkumbuka mumewe, na kikosi hutuma askari wake.

Askari wale walikula nini? Swali hili halipati nafasi kubwa katika vitabu vya vita, nami naona linastahili. Posho ya askari wa India huko Ufaransa ilikuwa na unga wa ngano, dengu, samli, sukari guru, chai, tangawizi, pilipili, manjano na kitunguu saumu. Aliyeiandika orodha hiyo alijua kwamba mtu hapigani kwa mkate na nyama ya kopo peke yake. Waliojeruhiwa walipovushwa hadi Brighton, Uingereza, kasri la zamani la kifalme liitwalo Royal Pavilion lilikuwa limegeuzwa hospitali, na ndani ya viwanja vyake kulijengwa majiko tisa ili kila dini na kila tabaka wapikiwe na watu wao kwa desturi yao. Majiko tisa! Serikali ya kikoloni ilikuwa na hesabu zake za kisiasa, hilo linajulikana, lakini mgonjwa aliyeletewa dengu zilizoungwa kwa samli hakula siasa. Wahindu na Masingasinga waliofia Brighton na maeneo ya jirani walichomwa kwenye vilima vya nje ya mji, watu 53, na mwaka 1921 mahali hapo palizinduliwa kibanda cha marumaru ambacho bado kinasimama.

Afrika nayo iliwaona. Mwaka 1941 Wagarhwali walipigana Keren, Eritrea, wakipanda majabali yaliyokuwa makavu kuliko ya kwao. Na babu zetu waliokuwa Keya, yaani King's African Rifles, walipopelekwa Burma, wakashuka bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua na malaria, walikuwa ndani ya Jeshi la 14, ambalo sehemu kubwa ya askari wake walikuwa Wahindi. Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa zina sanamu za shaba za askari na wapagazi wa vita vilivyotangulia. Ninazithamini. Lakini natamani pia kila ukoo wenye mzee wa Keya ungeandika chakula alichokipenda aliporudi, nani alikipika, na kwa chungu gani, kwa sababu hilo ndilo linalopotea kwanza. Sanamu haiwezi kulihifadhi.

Wagarhwali wana mahali pamoja ambapo heshima ya namna hii imekuwa kazi rasmi. Katika barabara ya kwenda Tawang, Arunachal Pradesh, juu sana milimani, kuna kituo kiitwacho Jaswantgarh. Hapo Nuranang, Novemba 1962, katika vita na China, Jaswant Singh Rawat wa batalioni ya nne ya Garhwal Rifles alitoka na wenzake wawili, Trilok Singh Negi na Gopal Singh Gusain, kwenda kuunyamazisha mzinga wa rashasha uliokuwa unawamaliza. Waliukamata. Gopal Singh peke yake ndiye aliyerudi hai. Jaswant Singh alitunukiwa Maha Vir Chakra, na hadithi zimekua juu ya jina lake: kwamba alishikilia mlima peke yake siku tatu, kwamba wasichana wawili wa huko walimsaidia. Hadithi naziacha kwa wasimulizi wake. Kinachonigusa ni kwamba hadi leo askari wanaotunza kituo hicho humtandikia kitanda, humng'arishia viatu, humpelekea chai alfajiri na chakula kwa saa zake, na madereva wa malori ya jeshi husimama kutoa heshima kabla ya kupita.

Majumbani jambo hilo hufanywa kwa kalenda. Nusu ya giza ya mwezi wa Ashwin, kwa kawaida mwezi Septemba, ni majuma mawili ya wafu wa ukoo. Kila mfu ana siku yake kulingana na tarehe aliyofariki kwa hesabu ya mwezi. Chakula cha siku hiyo hakitiwi kitunguu wala kitunguu saumu. Hupikwa wali wa maziwa, maandazi membamba ya samli na vitumbua vya choroko nyeusi zilizolowekwa usiku na kusagwa, tena kwenye lile jiwe. Fungu la kwanza hutengwa kwa ajili ya kunguru, ng'ombe na mbwa, kisha ndipo wanakula watu. Mpishi haonji. Chumvi hupimwa kwa vidole vitatu, na asiye na uhakika wa vidole vyake humwachia mkubwa wake. Mtu akisema kupika ni kufuata kipimo, mwambie atazame mama mwenye umri anavyotia chumvi katika sufuria ambayo hataruhusiwa kuionja, kwa ajili ya baba mkwe aliyekufa katika sare.

Mwaka 2018 Uttarakhand ilikuwa ya kwanza India kutoa leseni ya kilimo cha kibiashara cha bangi ya nyuzi, ile yenye kilevi kisichozidi asilimia 0.3. Mwaka 2021 mamlaka ya chakula ya India iliitambua mbegu, mafuta yake na unga wake kuwa vyakula. Sasa vikundi vya wanawake vinasaga chumvi ya milimani na mbegu hizo, vinaitia kwenye chupa ndogo na kuiuza Dehradun, Delhi na kokote ambako watoto wa askari wamehamia. Nafurahi, kwa kuwa mkono uliokuwa unasaga bure sasa unalipwa. Wasiwasi wangu ni mmoja: oda zikiwa nyingi, jiwe ndilo kitu cha kwanza kuondolewa. Anayenunua alitazame hilo. Chumvi ya mashine ni vumbi la rangi moja. Ya jiwe ina chembe kubwa na ndogo, vidoti vya kijani na vya kahawia, na ukiifinya kidogo katikati ya vidole inaacha mafuta.